Damu Katika Choo Si Bawasiri Siku Zote



Jumapili ya tarehe 12 Julai 1992, kwenye sala ya Malaika wa Bwana, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaambia waamini waliokusanyika Roma kwamba jioni ile angekwenda hospitali ya Gemelli kufanyiwa vipimo. Aliomba sala zao. Siku tatu baadaye, tarehe 15 Julai, madaktari walimpasua na kuondoa uvimbe wa ukubwa wa chungwa katika utumbo wake mpana. Uvimbe ulipopimwa haukuwa kansa, ingawa baadhi ya chembe hai zake zilikuwa zimeanza kubadilika. Aliishi karibu miaka 13 zaidi, hadi Aprili 2005.

Naanza na habari hiyo kwa sababu ugonjwa wa sehemu hii ya mwili kwetu ni ugonjwa wa aibu. Mtu atasema kichwa kinamuuma, atasema ana homa, lakini mambo ya choo atayaficha hata kwa mwenzi wake wa ndoa. Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Papa hakuona haya kusema mbele ya umati kwamba anakwenda kupimwa. Katika toleo hili tujifunze jinsi uvimbe wa utumbo mpana unavyotafutwa na kupimwa, ili nawe usione haya.

KISA CHA BABA MMOJA

Miaka kadhaa iliyopita, wodi yetu ya wanaume ilimpokea baba wa miaka 56, mkulima wa kahawa, mwenye watoto sita. Alikuwa amekonda na viganja vyake vimepauka. Tulipomhoji alisema amekuwa akiona damu katika choo kwa miezi 14. Mara tatu alitibiwa amiba. Mara moja alipewa dawa za minyoo. Kisha alinunua mnadani dawa ya bawasiri, ya kunywa na ya kupaka. Kila mara damu ilipungua kwa siku chache, halafu ikarudi.

Daktari alivaa glavu akampima kwa kidole. Haikuchukua dakika mbili. Aligusa uvimbe mgumu, wenye kingo kama za kidonda. Nilipokuwa namsaidia kushuka kitandani, yule baba aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mama, zaidi ya mwaka nimezunguka, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nivue suruali."

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya kazi ya zahanati, niliwapa wengi vidonge vya amiba nikiwa nimeketi mezani, bila kuwagusa. Mgonjwa aliona haya, nami niliona haya, tukaagana hivyo. Makala hii naiandika kwa ajili ya yule baba, na pia kama malipizi yangu madogo.

UTUMBO MPANA NI UPI?

Chakula kikitoka tumboni hupita kwanza katika utumbo mwembamba, kisha huingia katika utumbo mpana. Kwa mtu mzima utumbo mpana una urefu wa karibu mita moja na nusu. Huanzia chini upande wa kulia, pale karibu na kidole tumbo. Hupanda juu hadi chini ya ini, hukata tumbo kwenda kushoto, kisha hushuka hadi kwenye rektamu, yaani sehemu ya mwisho inayotunza choo kabla hakijatoka. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji, ndiyo maana choo huwa laini upande wa kulia na huwa kigumu kadiri kinavyokaribia kutoka.

Ndani ya ukuta wa utumbo huu huweza kuota vinyama vidogo. Vingine vina kikonyo kama uyoga, vingine vimelala kama chunjua. Vingi havina madhara. Lakini baadhi yake, polepole, hugeuka kuwa kansa. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi kama 10 hivi. Hapa pana neema kubwa: tunayo nafasi ndefu ya kukiona kinyama na kukiondoa kabla hakijawa adui.

JE, HUU SI UGONJWA WA WAZUNGU?

Wengi wetu tulifundishwa hivyo. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba kansa ya utumbo mpana ilikuwa nadra kwa Waafrika vijijini. Alilihusisha jambo hilo na chakula chetu cha nafaka zisizokobolewa, kunde na mboga. Mafundisho hayo yalikuwa na ukweli, na hadi leo chakula chenye nyuzinyuzi kinahesabiwa kuwa kinga mojawapo.

Lakini neno "nadra" halina maana ya "haupo". Tena maisha yetu yamebadilika: ugali wa sembe iliyokobolewa, nyama nyingi, pombe, sigara, kukaa kitako siku nzima, unene. Mwaka 2020 duniani kote waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9 wa kansa ya utumbo mpana na rektamu, na waliokufa kwa kansa hiyo walizidi 930,000. Wagonjwa wetu wamo katika hesabu hiyo. Ubaya ni kwamba mhudumu asiyeufikiria ugonjwa hautafuti, na asiyeutafuta hauoni.

DALILI ZA KUANGALIA

(a) Damu katika choo, iwe nyekundu mbichi, iwe nyeusi, iwe imechanganyika na kamasi.

(b) Mabadiliko ya choo yanayodumu zaidi ya majuma matatu: aliyezoea kwenda haja kila siku sasa anafunga choo, au anaharisha, au hivi kwa zamu.

(c) Choo chembamba kuliko kawaida, kama kimepita mahali pembamba.

(d) Kujisikia kwamba haja haijaisha, kurudi chooni mara kwa mara bila kutoa kitu.

(e) Maumivu ya tumbo yanayokuja na kwenda, tumbo kujaa gesi, au uvimbe unaoguswa tumboni.

(f) Kupungua uzito na kuchoka bila sababu.

(g) Upungufu wa damu usioeleweka. Uvimbe wa upande wa kulia mara nyingi hauonyeshi damu kwa macho. Hutoa kidogo kidogo kila siku, ikachanganyika na choo. Mtu huona tu kwamba anahema akipanda mlima. Kwa hiyo mwanaume mzima, au mama aliyekwisha kukoma hedhi, akikutwa na upungufu wa damu, asiridhike na vidonge vya kuongeza damu peke yake. Lazima iulizwe damu inapotelea wapi.

Dalili hizi si lazima ziwe kansa. Bawasiri, mchaniko wa njia ya haja, amiba, kichocho cha tumbo na safura vyote huweza kutoa damu, na kwetu ni vingi kuliko kansa. Ila mtu mmoja aweza kuwa na bawasiri na kansa kwa wakati mmoja. Kuona bawasiri hakufungi mjadala.

VIPIMO HUJIBU MASWALI MANNE

Wagonjwa wengi huchoka kwa sababu hutumwa kipimo hiki, kisha kile, kisha kingine, wakaona wanazungushwa. Fikiria mchwa ndani ya nyumba. Kwanza unaona vumbi sakafuni. Kisha unatafuta ni boriti ipi. Kisha unachokoa uone kama ni mchwa au ni unyevu tu. Mwisho unaangalia wameenea hadi wapi. Vipimo vya utumbo vinafuata njia hiyohiyo, na hakuna kipimo kimoja kinachojibu maswali yote.

SWALI LA KWANZA: KUNA DALILI YA KITU?

Hapa vipimo ni rahisi na vingine vinapatikana hata kituo cha afya.

Kipimo cha kidole. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kifuani. Daktari au mhudumu aliyefunzwa huvaa glavu, hupaka mafuta laini, na kuingiza kidole kimoja polepole. Hakina gharama ya mashine. Kinafika sentimita 7 au 8 tu, lakini uvimbe wa rektamu ya chini mara nyingi huwa ndani ya umbali huo. Kwa wanaume hugusa pia tezi dume. Unayo haki ya kuomba pazia lifungwe, na mama anayo haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo. Lakini usikatae. Ni aibu ya dakika mbili.

Kipimo cha choo kwa hadubini. Hiki hutafuta amiba, mayai ya minyoo na ya kichocho. Kikionyesha amiba, utatibiwa amiba. Lakini damu ikiendelea baada ya dozi kwisha, usikubali dozi ya pili na ya tatu bila kuchunguzwa zaidi. Hapo ndipo alipopotea yule baba.

Kipimo cha damu iliyojificha. Damu ikiwa kidogo sana haionekani kwa macho. Kipimo cha zamani hutumia karatasi iliyotiwa utomvu wa mti uitwao gwayako. Choo kidogo hupakwa juu yake, kisha hudondoshewa tone la dawa. Karatasi ikigeuka buluu, kuna damu. Kwa kuwa uvimbe hautoi damu kila siku, choo huchukuliwa siku tatu tofauti. Kipimo hiki huweza kudanganywa na nyama nyekundu, na vidonge vingi vya vitamini C huweza kuficha damu iliyopo. Kipimo kipya zaidi hutambua damu ya binadamu peke yake, na hakimlazimishi mtu kubadili chakula.

Kumbukeni mambo mawili. Kipimo hiki kikiwa na damu hakisemi ni kansa, kinasema tu tafuta zaidi; safura nayo huweza kukigeuza. Na kikiwa safi huku dalili zinaendelea, hakikuachii huru. Mwenye dalili huchunguzwa hata kama karatasi haikugeuka rangi.

Kipimo cha wingi wa damu. Tone la kidoleni linatosha kuonyesha kama damu imepungua.

SWALI LA PILI: KITU HICHO KIKO WAPI?

Hapa lazima tuone ndani. Kuna njia mbili: kuingiza mrija wenye taa, au kupiga picha.

Mrija mfupi. Upo ule wa kuangalia njia ya haja tu, unaoonyesha vizuri bawasiri. Upo mrija mgumu wa sentimita 25 unaoonyesha rektamu na kidogo juu yake. Na upo mrija unaopindika wa sentimita kama 60, unaofika upande wa kushoto wa utumbo.

Mrija mrefu. Kipimo hiki huitwa kolonoskopi. Mrija hupindika kama nyoka, una taa na kamera nchani, na hupitishwa polepole hadi mwanzo wa utumbo mpana upande wa kulia. Daktari huona ukuta wote katika kioo cha televisheni. Ndani ya mrija kuna kinjia cha kupitisha kikoleo cha kuchukua kipande cha nyama, au kitanzi cha waya cha kukata kinyama chenye kikonyo. Mwaka 1969 daktari Hiromi Shinya, akiwa New York pamoja na mwenzake William Wolff, alianza kuondoa vinyama kwa njia hiyo bila kupasua tumbo. Kabla ya hapo, kinyama cha juu kilihitaji kisu.

Kwa nini urefu una maana? Rais Ronald Reagan wa Marekani alikuwa ameonekana na kinyama kidogo upande wa mwisho wa utumbo. Julai 1985 alipofanyiwa kolonoskopi, mrija ulipofika upande wa kulia, mwanzo kabisa wa utumbo mpana, ulikuta uvimbe mkubwa ambao mrija mfupi usingeufikia. Kesho yake alipasuliwa, na maabara ikathibitisha kwamba ni kansa. Aliishi hadi mwaka 2004. Kuangalia mlangoni pekee hakutoshi kusema nyumba ni salama.

Kolonoskopi ina hatari ndogo ya kutoboa utumbo au kutoa damu. Hutokea kwa nadra, lakini mgonjwa lazima aelezwe kabla ya kutia sahihi. Akirudi nyumbani na kupata maumivu makali ya tumbo, homa au damu nyingi, arudi hospitali siku hiyohiyo.

Picha ya eksirei ya bariamu. Hospitali isiyo na mrija mrefu huweza kutumia dawa nyeupe iitwayo bariamu. Huingizwa kwa njia ya haja kama enema, kisha hewa kidogo hufuata, na picha hupigwa mgonjwa akigeuzwa huku na huku. Bariamu hupaka ukuta wa utumbo. Kinyama huonekana kama tundu katika rangi nyeupe. Kansa iliyozunguka ukuta huonekana kama kiini cha tofaa lililotafunwa pande zote. Udhaifu wa kipimo hiki ni kwamba vinyama vidogo huweza kukipita, choo kilichobaki huweza kufanana na uvimbe, na hakichukui kipande cha nyama. Baada yake kunywa maji mengi, maana bariamu hukausha choo. Choo kuwa cheupe siku mbili tatu ni kawaida.

Sitiskani. Mashine hii hupiga picha za tumbo vipande vipande. Ipo namna yake maalumu ambapo utumbo husafishwa, hujazwa hewa na kupigwa picha. Ikionyesha kinyama, bado mrija mrefu utahitajika ili kukitoa.

SWALI LA TATU: NI UVIMBE WA AINA GANI?

Ndugu wasomaji, hapa nawaomba mtulie. Hakuna daktari anayeweza kuapa kwa macho tu kwamba huu ni kansa na ule si kansa. Jibu hutoka maabara. Kipande kidogo cha nyama huwekwa katika dawa ya kukihifadhi. Kisha hugandishwa ndani ya nta, hukatwa nyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, na mtaalamu wa patholojia hukitazama kwa hadubini. Yeye ndiye anayesema ni kinyama cha kawaida, ni kinyama kinachoanza kugeuka, ni kansa, au ni kidonda cha kichocho au kifua kikuu cha utumbo, ambavyo huweza kufanana sana na kansa.

Tarehe 4 Julai 2021 Papa Fransisko naye alipasuliwa utumbo mpana katika hospitali ileile ya Gemelli. Wengi walisema kansa. Haikuwa kansa. Utumbo ulikuwa umebana kwa sababu ya vijifuko vya ukutani vilivyokuwa vimevimba na kuacha makovu. Mapapa wawili, hospitali moja, utumbo mpana uleule, lakini magonjwa mawili tofauti. Kwa hiyo tusiwazike watu kwa maneno kabla majibu hayajatoka.

Majibu haya huchukua siku, pengine majuma, hasa kipande kikisafirishwa hospitali nyingine. Usikate tamaa, na usikimbilie kwa mganga wakati unangoja. Acha namba ya simu inayopatikana, na mwombe mwanao au jirani akukumbushe tarehe ya kurudi. Katika wodi yetu tumewahi kupata majibu ambayo mwenyewe hakurudi kuyachukua. Inauma sana.

SWALI LA NNE: UMEFIKA WAPI?

Ikithibitika ni kansa, matibabu hutegemea imefika wapi. Mwaka 1932 daktari Cuthbert Dukes wa hospitali ya St Mark's, London, aliigawa kansa ya rektamu katika madaraja: A ikiwa bado ndani ya ukuta wa utumbo, B ikiwa imevuka ukuta, C ikiwa imefika kwenye tezi za jirani. Baadaye liliongezwa daraja la D, ikiwa imefika viungo vya mbali. Leo madaktari hutumia hatua ya 1 hadi ya 4, lakini wazo ni lilelile.

Ili kujua hatua, hufanywa altrasaundi ya ini, kwa kuwa damu ya utumboni hupitia huko kwanza, na picha ya kifua kuangalia mapafu. Sitiskani ya kifua na tumbo ni bora zaidi ikipatikana. Kwa uvimbe wa rektamu, picha ya MRI huonyesha umekaribia viungo gani vya jirani. Baada ya upasuaji, utumbo uliokatwa hupelekwa maabara pamoja na tezi zake, na mtaalamu hujitahidi kukagua tezi zisizopungua 12.

Kipo pia kipimo cha damu kiitwacho CEA, kilichogunduliwa Montreal, Kanada, mwaka 1965. Watu husikia habari zake wakadhani tone la damu litawaambia kama wana kansa. Sivyo. Mtu huweza kuwa na kansa na kipimo kikawa kawaida, na mvuta sigara au mgonjwa wa ini huweza kuwa nacho juu bila kansa. Faida yake kubwa ni kufuatilia aliyekwisha tibiwa: kikianza kupanda tena, madaktari hutafuta kama ugonjwa umerudi.

Hatua ina uzito gani? Kwa takwimu za Marekani, kansa ikikutwa bado ndani ya utumbo, watu kama 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikikutwa imefika viungo vya mbali, ni chini ya 2 kati ya 10. Ugonjwa ni uleule. Kinachotofautisha ni siku uliyoonekana.

KUJIANDAA KWA MRIJA MREFU

Utumbo mchafu hauonyeshi kitu. Fuata maagizo ya hospitali yako, lakini kwa kawaida ni haya:

1. Sema mapema dawa zote unazotumia, hasa za kisukari, za moyo, za kuyeyusha damu na aspirini. Usiache dawa bila kuambiwa.

2. Vidonge vya madini ya chuma mara nyingi husimamishwa siku kadhaa kabla, kwa sababu hufanya choo kuwa cheusi na kunata ukutani.

3. Siku ya mwisho kabla ya kipimo kunywa vitu vyepesi tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Epuka juisi ya rozela na vinywaji vyote vyekundu, maana huonekana ndani kama damu.

4. Kunywa dawa ya kuharisha uliyopewa hadi iishe, ingawa si tamu. Kaa karibu na choo. Choo kikitoka kama maji ya manjano yasiyo na vipande, umefaulu.

5. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani. Dawa ya usingizi mwepesi huacha kizunguzungu.

Onyo: mtu ambaye tumbo limevimba, anatapika, na hatoi choo wala hewa, ASINYWE dawa yoyote ya kuharisha. Huenda utumbo umeziba. Apelekwe hospitali yenye upasuaji mara moja, hata usiku.

NDUGU WA MGONJWA WAFANYE NINI?

Yule baba wa kahawa alikatwa kipande, na majibu yalikuja baada ya majuma matatu: kansa. Altrasaundi ilionyesha imefika kwenye ini. Alipelekwa hospitali ya rufaa, akawekewa njia ya choo tumboni ili apate nafuu, akarudi nyumbani. Alifariki miezi minane baadaye, mikononi mwa mkewe, akiwa ameagana na watoto wake wote.

Baada ya matanga mdogo wake wa miaka 44 alinifuata hospitali. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama, mimi siumwi kitu," alisema, "lakini kaka alinihimiza nije." Daktari wetu alimwandikia barua. Alifanyiwa kolonoskopi, wakakuta vinyama viwili, vikatolewa siku ileile. Maabara ilisema kimoja kilikuwa kimeanza kubadilika, lakini bado si kansa. Leo analima shamba lake na la marehemu kaka yake, na anajua mwaka wa kurudi kuangaliwa.

Mwenye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto aliyepata kansa hii yuko katika hatari zaidi. Anashauriwa kuanza kuchunguzwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua ndugu yake, lolote litakalotangulia. Wenye ugonjwa wa muda mrefu wa vidonda vya utumbo mpana nao wafuatiliwe. Kwa wasio na dalili wala historia katika ukoo, wataalamu wa Marekani mwaka 2021 walishauri uchunguzi uanze miaka 45 badala ya 50. Kwetu si rahisi kila mtu wa umri huo apitishiwe mrija, lakini mwenye uwezo au bima aulize hospitalini. Hospitali za rufaa kama Bugando Mwanza, KCMC Moshi na Muhimbili Dar es Salaam zina wataalamu wa kazi hii.

KWA KIFUPI

Angalia choo chako kabla ya kumwaga maji au kufunika shimo. Damu ikionekana, nenda ukapimwe, wala usinunue dawa ya bawasiri mnadani. Ukifika, mwambie mhudumu waziwazi: "Naona damu katika choo tangu siku fulani, naomba nipimwe kwa kidole." Ukipewa dawa na damu ikarudi, rudi nawe, uombe barua ya kwenda mbele. Tunza majibu yako yote katika bahasha moja. Nanyi wahudumu wenzangu, tuinuke mezani, tufunge pazia, tuvae glavu.

Kinga ni bora kuliko tiba. Na kama kinga imeshindikana, kuonekana mapema ni bora kuliko kuchelewa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Kwa nini tunaona haya kusema matatizo ya choo, hata kwa mume, mke au mtoto mkubwa?

2. Taja magonjwa matatu yanayoweza kutoa damu katika choo. Mtu atajuaje ni upi?

3. Kipimo cha choo kikiwa safi lakini damu bado inaonekana, ufanye nini?

4. Katika ukoo wetu, nani alifariki kwa ugonjwa wa tumbo usioeleweka? Ndugu zake waliobaki wameshaangaliwa?

5. Jumuiya yetu inaweza kumsaidiaje mgonjwa anayengoja majibu au anayekosa nauli ya kwenda hospitali ya rufaa?